Mdhamini wa mtu asiyemjua

Nianze na gharama, maana wengi wetu tukisimulia makosa ya kazini hizo ndizo tunazozificha. Siku tisa za kazi nisiyolipwa hata senti. Shilingi laki mbili na elfu thelathini za nauli, vocha na kula njiani kati ya Tanga mjini na Pangani. Mteja mmoja mwenye duka la vipuri nilimwahirisha mara mbili, akaona isiwe tabu, akatafuta fundi mwingine. Na mume wa mtu alikaa siku mbili bila kusemezana na mkewe, chanzo kikiwa amri niliyoibandika kwenye kompyuta Ijumaa mchana pasipo kuisoma.

Mimi ni fundi wa mifumo. Ofisi yangu ni meza kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa mama, Ngamiani, barabara ya 8, na usafiri wangu ni baiskeli kama walivyo wengi mji huu. Nahudumia maduka, shule mbili, na chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho hapa nitakiita chama tu. Kilikuwa na matawi mawili, Tanga na Pangani, na kila tawi lilikuwa na kanzidata yake, yaani majedwali ya kumbukumbu kwenye kompyuta, ikiendeshwa na programu iitwayo MySQL, toleo la 5.7. Ishike hiyo 5.7, tutairudia. Kila mwisho wa mwezi mtu alipanda gari kutoka Pangani na flashi mfukoni, kisha afisa mikopo wa mjini anaanza kulinganisha namba kwa macho. Uongozi ukachoka, ukaamua kanzidata ziwe moja kabla ya mkutano mkuu. Kazi nikapewa mimi.

Kuunganisha kwenyewe hakukunisumbua. Wanachama wa Pangani niliwaongeza chini ya wale wa mjini, kila mmoja akapata namba mpya. Wenye utata, yaani wale ambao majina yao yalifanana na watu waliokuwapo tayari mjini, niliwaweka mwisho kabisa ili wakae pamoja. Walikuwa 47, namba 2291 hadi 2337. Afisa mikopo akawapigia simu mmoja mmoja. Wote walikuwa watu walewale, walijiunga mjini, wakaenda kuhamia au kufanya biashara Pangani, wakajiandikisha upya kule. Kila mmoja alikuwa na namba mbili, na ile ya pili ilitakiwa iondoke.

Nikaandika amri ya kufuta. MySQL ikakataa, kosa namba 1451.

Kwa asiyeifanya kazi hii, jambo lenyewe liko hivi. Jedwali la wanachama lina namba ya kila mtu. Jedwali la mikopo halirudii jina wala simu ya mkopaji, linabeba namba yake tu. Ile safu yenye namba ya mtu aliye kwenye jedwali jingine ndiyo ufunguo mgeni, au foreni kii kama tunavyosema tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Jina hilo lina umri, limo kwenye makala ya Edgar Codd wa IBM ya mwaka 1970, ile iliyozaa kanzidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Ukiuwekea ufunguo huo kizuizi, kanzidata inakuwa imekula kiapo kwamba hakuna mkopo utakaokaa humu bila mwenyewe kuwepo. Mstari wa mwanachama unaitwa mzazi, na mistari ya mikopo yake inaitwa watoto. Kwa hiyo kosa 1451, kwa lugha ya barazani, linasema: huyu ana watoto, na hujasema wanakwenda kwa nani.

Jibu lilikuwa palepale. Hamisha watoto kwanza kutoka namba ya pili kwenda namba ya kwanza, halafu futa mzazi asiye na mtoto. Ukifanya hivyo hakuna kizuizi chochote kitakachokugomea, wala huna haja ya kuondoa kitu. Nilijua hilo. Lakini meneja alitaka daftari safi la wanachama Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa nimekesha usiku wa Alhamisi, na mtu aliyekesha humwona mlinzi wa mlangoni kama adui. Nikasema niondoe vizuizi kwanza, nifanye kazi kwa raha, nitavirudisha nikimaliza.

Hapo ndipo nilipoanza kupapasa. Niliandika `ALTER TABLE mikopo DROP FOREIGN KEY mwanachama_id`, nikapata kosa 1091, kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Sababu ni kuwa MySQL haitaki jina la safu, inataka jina la kizuizi chenyewe, na usipokipa jina wakati wa kukiunda inakipa lake, kwa kawaida jina la jedwali likifuatiwa na `_ibfk_1`. Utalikuta ukiandika `SHOW CREATE TABLE mikopo`. Mimi badala ya kutafuta jina nikajaribu kufuta faharasa ya ile safu, yaani orodha ya kutafutia haraka, nikapata kosa 1553, faharasa inahitajika na kizuizi. Ni vizuri ilinikatalia. Faharasa hiyo hubaki hata kizuizi kikiondoka, nayo ndiyo inayofanya taarifa za mikopo zitoke upesi. Iache ilipo.

Kwa hasira nikachukua skripti fupi niliyoikuta mtandaoni. Inasoma `information_schema`, ambako MySQL hutunza kumbukumbu za majedwali yake yenyewe, inatafuta vizuizi vyote vinavyoelekea jedwali unalolitaja, na kukuandikia amri za kuviondoa. Ikanitolea mistari minne. Nikainakili yote minne, nikabandika, nikabonyeza. Sikusoma.

Kompyuta ikaganda. Ilikuwa saa saba mchana, Ijumaa, ofisi nusu tupu, wanaume wamekwenda msikitini. Karani mmoja alikuwa ameacha rejesho la mtu limeingizwa nusu kwenye skrini yake kabla ya kuondoka, na MySQL haiwezi kubadilisha umbo la jedwali huku mtu mwingine akiwa katikati ya shughuli humo. Kwa hiyo amri yangu ikapanga foleni nyuma ya karani. Kibaya zaidi, yeyote aliyekuja baada yangu naye akapanga foleni nyuma yangu, hata kama alitaka kusoma salio tu. Dirishani mama mmoja alikuwa anangoja kujua salio lake, dada wa dirishani anabofya, hakuna kitu. Muda ambao MySQL huvumilia foleni ya namna hiyo, usipoubadilisha, ni sekunde 31,536,000. Piga hesabu, ni mwaka mzima. Siku hizi kabla ya kugusa umbo la jedwali naandika `SET SESSION lock_wait_timeout = 5`, nikishindwa ndani ya sekunde tano najiondoa mwenyewe, najaribu tena usiku. Siku ile tulingoja karani arudi swalani.

Aliporudi akamalizia rejesho lake, amri zangu zikapita. Nikahamisha akiba, nikahamisha hisa, nikahamisha mikopo. Nikafuta watu 47. Nikarudisha vizuizi kwenye majedwali matatu, vikakubali bila ubishi, nikamwambia meneja tayari. Akaniletea soda.

Ukihesabu utaona. Skripti iliondoa vinne. Mimi nikahamisha na kurudisha vitatu, kwa kumbukumbu ya kichwa. La nne lilikuwa jedwali la wadhamini, lenye namba za wanachama waliodhamini mikopo ya wenzao.

Usiku wa Jumanne umeme ulikatika, betri ya akiba ya seva ilikuwa imekufa siku nyingi na kila mtu alijua, seva ikazima. Asubuhi ikawaka, ikafanya kazi kama kawaida. Sikulipa uzito jambo hilo, maana umeme kukatika si habari.

Wiki tatu baadaye afisa mikopo akanipigia. Sauti yake haikuwa ya kuomba msaada. Nikaenda. Nikamkuta mama mmoja wa Makorora, muuza samaki wa kukaanga, amejifunga leso mbili, simu mkononi, na mumewe amesimama kando akiangalia ukuta. Nikawaamkia, hakuna aliyeitikia kwa moyo. Mfumo ulikuwa umemtumia yule mama meseji kwamba mkopo aliomdhamini bwana fulani wa Bweni umechelewa siku 30, na chama kitakata kwenye akiba yake. Meseji ilifika usiku, na aliyekuwa ameshika simu ni mume.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi Bweni sijafika hata kutembea. Huyo mwanamume simjui. Nani kaniandika?"

Nikamlaumu karani. Ndiyo, mbele ya watu. Nilisema bila shaka kuna mtu kaingiza namba kimakosa, na karani yule yule wa Ijumaa akainamisha kichwa kwa sababu hakuwa na la kujitetea, wala hakukumbuka, na kweli hakuna cha kukumbuka. Katika yote niliyoyafanya, hili ndilo linalonirudia usiku. Makosa mengine yalikuwa ya uchovu.

Aliyefungua fumbo ni mume. Alikuwa hajasema neno, ghafla akageuka. "Mke wangu kaingia chama chenu mwezi huu. Huyo bwana kakopa mwaka jana. Hiyo kompyuta yenu haina kalenda?"

Nikafungua jedwali. Udhamini uliandikwa miezi kumi na moja kabla mama hajajiunga. Namba yake ya uanachama ilikuwa 2296.

Nilikaa nayo usiku kucha, na kesho yake nikampelekea jamaa yangu mmoja wa Chumbageni aliyenitangulia sana kwenye kazi hizi. Tukanywa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. Seva ilizimwa lini?

MySQL inapotoa namba za mfululizo inakumbuka ilipofikia. Lakini hadi 5.7, InnoDB, yaani sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, ilikuwa ikikumbuka kichwani tu, kwenye memori, siyo kwenye diski. Seva ikizimwa na kuwashwa, inakwenda kutazama namba kubwa kuliko zote iliyobaki kwenye jedwali, inaongeza moja, inaendelea. Kuanzia 8.0 ndipo hesabu hiyo ikaanza kutunzwa ipasavyo. Mimi nilikuwa nimefuta 2291 hadi 2337, zote za mwisho. Kabla ya umeme kukatika, mwanachama mpya angepewa 2338 na tungeishi kwa amani. Baada ya umeme kukatika, kubwa iliyobaki ilikuwa 2290. Mwanachama mpya wa kwanza akapewa 2291, namba ya marehemu. Na marehemu wale walikuwa wameacha udhamini kwenye jedwali la nne ambalo sikulihamisha wala kulirudishia kizuizi. Kila aliyejiunga wiki zile tatu alivaa viatu vya mtu, na wengine walikuta mawe ndani yake.

Kizuizi kingekuwepo, nisingeweza kufuta hata mstari mmoja wenye mtoto. Hata ile kuwashwa kwa seva isingedhuru mtu.

Sasa kurekebisha, na hapa nasimulia taratibu kwa kuwa nusura nikosee mara ya pili. Njia ya kawaida ya kutafuta mayatima ni kuunganisha jedwali la watoto na la wazazi kwa `LEFT JOIN` na kuomba mistari ambayo mzazi wake ni `NULL`, yaani hayupo. Nikapata mistari 13 ya udhamini isiyo na mwenyewe. Nikajaribu kurudisha kizuizi, nikapata kosa 1452, sawasawa, kwa sababu ya hao 13. Fundi mwenye haraka angerekebisha 13, kizuizi kingekubali, akaenda zake. Lakini udhamini wa yule mama haukuwa kati ya hao 13. Kwa macho ya kanzidata mzazi yupo, 2296 ipo, tatizo liko wapi? Kizuizi huangalia kama mtu yupo, hakiwezi kujua kama ndiye. Swali la yule mume ndilo lililowafichua waliobaki. Nilitafuta kila udhamini ambao tarehe yake imetangulia tarehe ya mdhamini kujiunga. Ikatoka mistari sita. Mmoja ulikuwa wa mama. Wengine watano hawakuwa wamepata meseji bado kwa sababu mikopo waliyoandikwa ilikuwa inalipwa vizuri.

Bakapu nilikuwa nayo, ya Alhamisi, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayojipa. Niliirudisha kwenye laptopu, kando kabisa na seva, nikalinganisha namba za zamani na mpya mstari kwa mstari. Faili la `mysqldump` huzima ukaguzi wa funguo ngeni mwanzoni mwake ili majedwali yaingie kwa mpangilio wowote, kwa hiyo bakapu kuingia bila kelele hakuthibitishi kuwa yaliyomo ni mazima. Hali ni hiyo hiyo ukitumia `SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0` wewe mwenyewe, njia ambayo wengi huipendekeza badala ya kuondoa kizuizi. Ukiiwasha tena, MySQL hairudi nyuma kukagua ulichoingiza wakati imelala. Na kuna kijana alinishauri niweke `ON DELETE CASCADE` mambo yaishe, yaani ukifuta mzazi watoto wanafutika naye. Kwenye chama cha mikopo! Wako wadaiwa ambao wangenibeba mabegani.

Afisa mikopo hakukubali bakapu peke yake, na alikuwa sahihi. Alitaka kila udhamini kati ya ile 19 ulinganishwe na fomu ya karatasi yenye sahihi, kwa sababu mkaguzi akija hatauliza laptopu yangu. Fomu zilikuwa Pangani. Nikaenda mara tatu. Faili zilikuwa kwenye kabati la mbao, zimepangwa kwa kijiji badala ya namba, na kwa siku moja nzima nilijuta kuzaliwa. Fomu mbili hazikuonekana, ikabidi nivuke mto kwa pantoni hadi Bweni kuwatafuta watu wenyewe. Yule bwana aliyechelewesha mkopo nilimkuta anashona nyavu. Nilipomweleza kisa akacheka mpaka akaketi, kisha akaniuliza kama huyo mama wa Makorora yuko tayari kumdhamini kweli.

Kisheria pia hatukuwa salama. Tulimtumia mtu jina na deni la mtu mwingine asiyehusiana naye, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si jambo la kuombana radhi tu. Meneja aliandika barua kwa wote wawili. Mimi na afisa mikopo tukaenda Makorora jioni, tukamweleza mume pamoja na mke, kwa karatasi, namba ilivyohama. Alisikiliza, akauliza maswali mawili makali, akatukaribisha viazi.

Sikatai kwamba kuna wakati kizuizi lazima kitoke. Ukitaka kubadilisha aina ya safu, mathalani namba ndogo iwe kubwa, MySQL haikuruhusu mpaka uondoe kizuizi, ubadilishe safu pande zote, ukirudishe. Ukihamishia miaka ya zamani kwenye ghala au ukitenganisha mfumo mmoja kuwa miwili, vilevile. Ninachofanya sasa ni kuandika amri ya kurudisha kabla ya amri ya kuondoa, zote mbili kwenye faili moja, kwa majina kamili yaliyotoka kwenye `SHOW CREATE TABLE`, pamoja na masharti yake ya kufuta na kubadilisha. Kama sina amri ya kurudisha, siondoi. Vizuizi vipya navipa majina ninayoyaelewa, `fk_wadhamini_mwanachama`, siyo ibfk. Nahesabu mistari ya kila jedwali kabla na baada. Na kwenye MySQL nakumbuka kuwa `ALTER TABLE` ikishapita imepita, hakuna `ROLLBACK`, amri ya kurudi nyuma, itakayoirudisha. Wenzangu wanaotumia PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, wana nafuu hapo, kule unaweza kuondoa kizuizi ndani ya muamala, yaani fungu la amri zinazopita zote au kufutika zote, ukaona mambo yanaharibika, ukarudi nyuma kama hukufanya kitu.

Kuhusu zile namba zilizobaki za marehemu, nilitaka mfululizo uruke hadi 3000 ili zisitumike tena. Nikaandika amri, ikakubali, nikakumbuka kuwa hiyo nayo kwenye 5.7 inakaa kichwani tu. Umeme ungekatika kabla hajasajiliwa mtu, tungerudi kulekule. Nikamwomba meneja mwanachama wa kwanza asajiliwe siku ileile, nikangoja hadi nilipoiona 3000 kwenye jedwali ndipo nikaenda kula. Mwezi uliofuata tukahamia 8.0, jambo lililopaswa kufanyika mapema, maana 5.7 iliachwa kuhudumiwa na wenyewe Oktoba 2023. Betri ya seva imenunuliwa.

Karani nilimwomba radhi mbele ya watu walewale waliokuwepo. Akasema yameisha. Lakini tangu siku hiyo kila nikija kugusa majedwali, huacha kazi yake, husimama nyuma ya kiti changu na kunisomesha orodha kwa sauti, jedwali moja baada ya jingine, kabla sijabonyeza. Juzi alinisimamisha kwenye la pili, nikaona kweli nilikuwa nimeruka la kwanza.